Mke wa Kuruta

Upande wa Mwatumu wa kitanda ulikuwa na joto.

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Alikuwa ametoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, miguu imemvimba, na hakutaka kitu duniani ila kujitupa alale. Mumewe, Shomari, huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuendesha foklifti kwenye maghala ya hapo hapo Grand Prairie, pembeni mwa Dallas, Texas. Tangu saa kumi na moja hadi saa mbili na robo ni saa tatu na ushei, na godoro la watu wa kawaida hupoa kabla chai haijapoa. Tena Shomari hulala upande wa dirishani. Uliokuwa na joto ni ule wa mlangoni, na katika mto wa Mwatumu palikuwa na shimo la kichwa cha mtu.

Aliinama akanusa. Mafuta ya mashine. Na chini ya mafuta, udi; si ule wa kunyunyiza wa dukani, ni ule wa kufukiza, wa mwanamke aliyejitayarisha.

Haya, mwambie mwanamke wa Tanga kwamba hayo ni mawazo yake tu.

Mwatumu alibandua mashuka yote, akayatia kwenye mashine ya kufulia, akaenda kujilaza kwenye kochi la sebuleni. Usingizi haukuja. Alikuwa ameolewa miaka mitano, na minne kati ya hiyo alikuwa mke wa simu: yeye Tanga anangoja viza, mume Texas anangoja mke, wanaoneshana sahani za chakula kwenye kioo. Wanawake wa mtaani walimcheka kwa upole, ule upole unaouma. Viza ilipotoka hakuja Marekani kutafuta maisha. Alikuja kumchukua mume wake. Kazi mtu hupata popote. Mume alikuwa naye mmoja, na alimpenda kwa namna isiyomfaa mtu mzima, ya kumnusia mashati.

Joto lile lilirudi. Kila alipofanya kazi usiku, asubuhi alilikuta. Siku za mapumziko, akilala mwenyewe pale, hapakuwa na joto wala udi. Kwa hiyo huyo mtu alijua ratiba yake. Mwatumu akaanza kupekua. Alitafuta nywele bafuni, herini chini ya kitanda, rangi ya mdomo kwenye gari, alama yoyote ile. Wiki ya tatu, ndani ya mfuko wa suruali ya kombati ya Shomari, alipata kipande cha khanga kikubwa kama kiganja, cheusi kwa mafuta, pindo lake bado linaonekana.

Jioni alikiweka mezani, karibu na ugali.

"Ya nani hii?"

Shomari alikitazama akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Mwatumu hamu ya kumpiga na mwiko.

"Ya kusafishia bunduki."

"Bunduki gani, Shomari? Sisi tuna bunduki?"

"Ya kuchezea, mke wangu. Toy. Ngoja nikuoneshe, maana naona leo utanilaza nje."

Aliingia chumbani, akafungua kabati la ukutani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye blanketi la mtoto. Alikifungua polepole. Mwatumu aligundua kwamba mumewe hajawahi kumfungulia zawadi yoyote kwa mikono ya taratibu namna ile, na wivu ukamchoma hapo hapo, hata kabla hajajua ni wivu wa nini.

Ilikuwa SMG, ile ambayo dunia nzima inaiita AK. Chuma cheusi, mbao za rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, mkanda wa turubai. Ila mdomoni ilivikwa ncha ya plastiki ya rangi ya chungwa, kama sheria inavyotaka, ili polisi wajue ni mwanasesere. Ndani ilikuwa na mota ndogo na betri. Ilitema gololi nyeupe za plastiki, ndogo kama punje ya mtama.

Habari yake ilianzia mbali. Shomari alipomaliza kidato cha sita alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, kambi moja ya porini. Wenzake walihesabu siku za kurudi nyumbani. Yeye aliomba zisiishe. Alipenda kwata, alipenda kuamshwa kwa filimbi, na zaidi ya yote aliipenda bunduki aliyokabidhiwa. Pale kambini kulikuwa na afande wa silaha aliyewaozesha makuruta. Ndiyo, aliwaozesha. Siku ya kukabidhiwa bunduki kila kuruta alisimama nayo kifuani, akakariri mara tatu mbele ya wenzake: sitalala mbali naye, sitampa mwingine, akichafuka nitamwosha, akiita nitaitika. Ulikuwa utani wa kijeshi, wa kuwafundisha watoto wa shule wasisahau silaha chooni. Wengi walicheka wakasahau. Shomari hakusahau. Alipokwenda kuomba kazi jeshini, daktari alimkuta sikio la kushoto halisikii vizuri, wakamrudisha nyumbani. Aliwahi kumwambia Mwatumu kwamba siku hiyo alilia njia nzima, na Mwatumu alimwonea huruma kama anavyomwonea mtu aliyepoteza simu.

Texas alikuta watu wazima wanaovaa kombati kila Jumapili, wanakwenda kwenye msitu wa kukodi nje ya Fort Worth, na kufyatuliana gololi mpaka jua lizame. Mchezo wenyewe huitwa airsoft. Aliyempeleka ni rafiki yake Patroba, Mkenya, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Wachezaji hawa wana ugonjwa mmoja: hawataki mwanasesere wao aonekane mwanasesere. Hung'oa plastiki na kuweka mbao za kweli, zilizotolewa kwenye bunduki za jeshi zilizokatwakatwa zisitumike tena. Mbao za Shomari walizipata kwenye maonyesho ya silaha. Muuzaji alisema ile bunduki ilikuwa vitani Afrika kabla ya kurudishwa. Afrika ipi, hakujua. Kwenye kitako kulikuwa na kishimo cha kuwekea vifaa vya usafi, na ndani ya kishimo ndimo walimokuta kipande cha khanga.

"Khanga ya mwanamke," alisema Mwatumu. "Imetoka vitani, humjui mwenyewe, na wewe unatia mfukoni."

"Ni tambara, Mwatumu."

"Ulilinusa?"

Shomari alichukua lile tambara mezani, akaanza kufuta kitako kwa duara ndogondogo, ugali ukapoa.

Mwatumu angeweza kutulia. Mwanasesere wa plastiki si mwanamke. Lakini bunduki haipashi godoro joto, na alibaki anaamini kwamba kuna mtu wa damu na nyama anayelala mahali pake. Akafanya ambacho mke yeyote mwenye akili angefanya: alimwomba bosi wake amhamishie shifti ya mchana. Alikubaliwa kwa wepesi. Kuanzia Jumatatu iliyofuata usiku wote ulikuwa wake, na hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi ya kwanza aliamka na kitu chini ya ulimi. Alikitema kwenye kiganja. Gololi nyeupe.

Siku ya pili alizikuta kwenye viatu vya kazini, siku ya tatu ndani ya mchele aliokwisha kuuosha na kuuchagua kwa mkono wake. Ile ncha ya rangi ya chungwa ilidondoka mdomoni mwa bunduki. Shomari aliigundisha mara tatu, na mara tatu waliikuta sakafuni, nje ya kabati, kama kitu kilichotemwa. Kisha ikaja sauti. Akiwa jikoni jioni, maji yanachemka, Mwatumu alisikia kutoka chumbani bunduki inakokiwa: cha-chak. Shomari alikuwa amekaa mbele yake anakula chungwa. Betri ilikuwa kwenye chaja, juu ya friji, mbele ya macho yao.

"Umesikia?"

"Nini?" alisema Shomari, akageuza sikio lake zuri. Lakini shingo yake ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea chumbani kabla ya swali, na Mwatumu aliona.

Kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nesi Everline alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Mwatumu, mgongo wako. Nani amekufanyia hivi?"

"Mgongo una nini?"

Everline alimpiga picha akamwonesha. Alama ndogo za mviringo, zambarau, zimepangwa kwa mistari kuanzia shingoni hadi kiunoni. Zingine zilikuwa mbavuni. Zilikuwa kila mahali ambapo mkono wa mume hupita, na hazikuwa popote pengine.

"I have to ask," Everline alinong'ona. "Ni yeye? Niambie tu, tuta-report, hauko peke yako."

"Si yeye, wallahi. Shomari hanipigi."

"Wote huanza hivyo, mamii."

Mwatumu alivaa blauzi yake. Lililomtisha si maumivu, maana hakusikia maumivu. Lililomtisha ni kwamba mtu alikuwa amempima kwa makini sana.

Jumatano ilikuwa mapumziko yake. Shomari alikuwa kazini. Saa sita mchana, jua la Texas limewaka nje mpaka magari kwenye parking hayatazamiki, Mwatumu alijilaza kitandani, upande wake, mapazia wazi, taa zote zimewashwa, Kurani inasomwa kwenye simu. Alijiambia anapumzisha macho tu. Simu ikanyamaza. Haikuzima, kioo kilikuwa kinawaka na msomaji alionekana akifungua kinywa, ila sauti haikutoka.

Udi ulikuja kwanza, halafu mafuta ya bunduki, halafu harufu ya tatu ambayo hakuwa ameijua, ya moshi wa kuni na nguo zilizolowa mvua zikakaukia mwilini, harufu ya mtu aliyelala porini miezi, na godoro nyuma ya mgongo wake likabonyea taratibu, kwanza goti moja, kisha la pili, kisha uzito wote wa mwili ukajinyoosha kwa utulivu wa mwenye nyumba, na pumzi ikamgusa nyuma ya sikio, baridi, ya chuma, na Mwatumu akataka kupiga kelele lakini alihisi kitu cha mviringo kimewekwa katikati ya mgongo wake, juu ya ile mistari, kikashuka alama moja baada ya nyingine kana kwamba kinazihakiki.

"Mke mwenzangu," sauti ilisema. Ilikuwa ya chini, ya adabu, Kiswahili chake cha kale kidogo. "Mbona unalala zamu yangu?"

Mwatumu hakuweza kugeuka.

"Nilikupa siku zako. Ulipokuwa kazini usiku, mimi nililala. Uliporudi, niliondoka. Nilikuachia hata mto. Nani angekutendea hivyo? Sasa umerudi usiku wote, mimi nimefungiwa kabatini na mashuka."

"Huyu ni mume wangu," alinong'ona Mwatumu, machozi yanalowesha mto. "Nimemngoja miaka minne."

"Mimi nilimngoja bila kumjua. Nilikuwa na wa kwanza, akafa, nikazunguka mikononi mwa watu wasio na maneno, wananishika tu na kunitupa. Huyu alinitamkia mara tatu, mbele ya shahidi. Nikamwitikia."

"Mwache. Nakuomba kwa Mungu."

Kile kitu cha mviringo kilitua kiunoni, kikatulia.

"Muulize yeye," sauti ilisema. "Mimi sina wasiwasi."

Godoro likainuka. Simu ikaanza kusoma tena kwa sauti kubwa. Mwatumu alikimbia bila viatu hadi kwenye parking, akasimama kwenye lami ya moto mpaka nyayo zikaungua, na hakurudi ndani mpaka Shomari alipofika saa kumi.

Alimweleza yote, pale pale garini. Shomari alisikiliza akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Mwatumu alitegemea atacheka, au ataogopa, au atamkumbatia.

"Amesema aliniitikia?" aliuliza. "Amesemaje hasa?"

Mwatumu alimpigia Patroba simu, naye akaja jioni ile ile, bado na nguo zake za hospitali. Alikaa ukingoni mwa kiti, simu mkononi, hataki soda wala maji.

"Shemeji, kuna kitu sikuwaambia," alisema kwa sauti ya chini. "Ile siku tuliweka mbao, tulienda nayo field. Huyu msee akaanza kuonesha vijana vile walikuwa wanaapishwa huko JKT. Mimi nika-record. Ilikuwa jokes tu, I swear."

Aliwasha video. Shomari alionekana katikati ya miti, kombati imemkaa sawa, bunduki kifuani, uso wake mzito kuliko utani. Sitalala mbali naye. Sitampa mwingine. Akichafuka nitamwosha. Akiita nitaitika. Vijana wa Kizungu walicheka wakapiga makofi bila kuelewa neno. Alirudia. Alirudia tena. Na baada ya mara ya tatu, katikati ya makofi, karibu kabisa na simu, mwanamke akasema: "Nimekubali."

"Hakukuwa na dame hapo," alisema Patroba. "Hata mmoja. Nilidhani ni simu imeharibika, nikaiacha. Pole, shemeji. Pole sana."

Mwatumu alimtazama Shomari. Shomari alikuwa amerudisha video nyuma, anasikiliza lile neno tena.

Patroba ndiye aliyemjua mganga. Dada yake anakaa Houston, mtaa wa Sharpstown, na kwenye majengo yao kulikuwa na mzee wa Kikongo, Mwalimu Wilondja, mtu wa Fizi aliyekaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, mfundishaji wa madrasa ya watoto na msomaji wa watu walioingiliwa na majini. Hapokei zawadi, alisema Patroba, anakula mchana tu na anachukia kuchelewewa. Jumamosi asubuhi walishika barabara kuu ya I-45, saa nne za mwendo, Shomari anaendesha, bunduki kwenye buti la gari ndani ya blanketi. Hakuna aliyewasha redio. Mwatumu alishika mkono wa mumewe uliokuwa juu ya gia, na Shomari alimwachia aushike.

Mwalimu Wilondja aliwapokea baada ya sala ya adhuhuri, kwenye chumba kidogo chenye mkeka na viti vinne vya plastiki. Kabla ya kuwasha ubani alipanda juu ya kiti, akakivika king'ora cha moshi kofia ya kuogea ya mkewe.

"Wale wa ofisi walishaniletea zimamoto mara mbili," alisema, akashuka. "Bon. Mufungue ile kitu."

Aliiangalia bunduki mkekani bila kuigusa.

"Hii haiko toy. Chuma ni toy. Ubao ni ya basoda, watu ya vita. Kwetu niliona basoda wenye walilala na bunduki miaka kumi. Bibi yake wa ndoa akikufa analia siku moja. Bunduki ikipotea analia mwezi." Akamgeukia Shomari. "Wewe ulitamka?"

"Ndiyo, mwalimu. Mara tatu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu," alisema Patroba, akiwa karibu na mlango.

"Donc, hiyo ni ndoa. Mimi siwezi kuivunja na maji ao na kitabu. Mimi nitamutoa tu ndani yako, ukae wewe mwenyewe, akili yako. Kisha utamuacha na kinywa yako, kwa jina, mbele ya shahidi, kwa kupenda kwako. Ile njo namna moja tu."

Alisoma kwa muda mrefu. Chumba kilijaa moshi mweupe. Shomari alianza kutetemeka mabega, kisha taya, kisha mwili wote, jasho likamtiririka lenye harufu ya mafuta ya bunduki, akakohoa kikohozi kikavu kilichotoka mbali sana, na kati ya kikohozi na kikohozi walisikia sauti ya mwanamke ikihema kwa nguvu kama anayevutwa mkono hataki kuondoka, na mkeka chini ya bunduki ukajikunja wenyewe, na Mwatumu akafunga macho akisema moyoni mrudishe, mrudishe, nirudishie, mpaka kila kitu kikakatika ghafla. Kiti cha nne cha plastiki, kilichokuwa kitupu, kikalia kama kimekaliwa.

Wilondja alijifuta uso kwa kanzu.

"Sasa ametoka. Anakaa pale kwa kiti. Anangoja kusikia." Alimshika Shomari kidevu, akamwangalia machoni, jicho moja kisha la pili. "Wewe ni nani?"

"Shomari."

"Siku gani leo?"

"Jumamosi. Tuko Houston." Sauti yake ilikuwa yake, ile ya simuni, ile aliyolala nayo Mwatumu miaka minne sikioni. Mwatumu alilia kwa furaha. Alikuwa amerudi.

"Muzuri. Jina ya ile jini ni nani?"

"Anaitwa Zaina," alisema Shomari, na Mwatumu akashangaa, kwa sababu jina hilo yeye hakuwahi kulisikia. "Ananiambia kila usiku."

"Basi sema: Zaina, nimekuacha. Mara tatu. Hapana haraka."

Nje watoto wa Kihondurasi walikuwa wanapiga mpira ukutani. Shomari alimtazama mke wake kwa huruma, huruma ya kweli, na kabla hajafungua kinywa Mwatumu alijua, kama mtu anavyojua sahani inaanguka kabla haijafika chini.

"Mwatumu," alisema, "nimekuacha."

"Shomari!" alipiga kelele Patroba.

"Mwatumu binti Salehe, nimekuacha."

Mwatumu alimrukia, akamziba mdomo kwa mikono miwili. "Si yeye! Mwalimu, si yeye anayesema, ni jini! Msomee tena! Msomee!"

Shomari alimtoa mikono taratibu, bila nguvu, akaishikilia isije ikaumia.

"Ni mimi," alisema. "Nisamehe. Nilikungoja kweli, Mwatumu, sikukudanganya hata siku moja. Lakini kwako mimi ni mume tu, napiga shifti, nalipa umeme, sisikii sikio moja. Yeye akiniita, mimi ni askari." Akamwachia mikono. "Mwatumu binti Salehe, nimekuacha."

Mara tatu. Mwatumu alimgeukia mzee, anangoja aseme kuna dawa, kuna kafara, kuna aya.

Wilondja alikuwa anakitazama kile kiti cha nne.

"Mama," alisema polepole, "ile jini haikukuwa tena ndani yake. Iko pale. Na hata yeye, naona, ameshangaa."

Shomari alifunga bunduki ndani ya blanketi, akampa mzee mkono wa shukrani, akatoka. Patroba alikataa kumfuata. Alisema atarudi Dallas kwa basi, au kwa miguu. Mwatumu alisimama kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, ameshika chuma cha ukingo, na chini yake aliona kila kitu. Aliona Shomari akifungua buti, akiilaza bunduki ndani, akilifunga. Alimwona akiingia peke yake, akiwasha gari, vioo vimeshushwa kwa sababu ya joto.

Gari likaanza kulia. Ti, ti, ti, ile kengele ya kudai abiria wa mbele afunge mkanda.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Jua lilikuwa linakipiga moja kwa moja, na hapakuwa na kitu juu yake. Shomari aliinama kwa upande ule, akauvuta mkanda kutoka upande wa dirishani, akaupitisha hewani kwa uangalifu, mbali kidogo na kiti, kwa kuacha nafasi ya kifua, kama alivyomfungia Mwatumu siku alipompokea uwanja wa ndege na yeye hajui mkanda unafungwaje. Akauchomeka. Kengele ikanyamaza. Kisha akasema neno moja dogo kuelekea kile kiti, akatabasamu kwa alichojibiwa.

Patroba alikuwa anasali kwa sauti. Mwalimu Wilondja, mlangoni, alikuwa anamwita mama ingia ndani, ingia ndani, usiangalie. Mwatumu aliangalia mpaka gari likapita taa za barabarani na kupotea. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa na wivu.